Ukoo wa Neno la Asali

Katangi
9 Machi 1997

Baba yangu Mutiso,

Nakuita baba na hakuna wa kunizuia. Ulipewa jina la mzee aliyetuzaa mimi na marehemu baba yako Muindi, kwa hivyo kwangu wewe ni baba, hata kama mimi ndiye niliyekupangusa kamasi. Hapa tumeamka salama. Mama yako mkubwa Kalondu anauliza kama huko seminarini Nyeri mnapikiwa muthokoi ama ni viazi kila siku. Anasema watu wa huko hawajui kukoboa mahindi, na ukimwambia ni uongo anakununia.

Mvua bado. Jumuiya ya kanisa imenichagua mwenyekiti mara ya tatu kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka hiyo kazi. Halafu ule mzinga wa baba yako ulio kwenye mgunga wa mpakani kwangu umejaa mpaka nyuki wanalala nje. Tangu marehemu aufunge pale mwaka wa 1962 hakuurina hata siku moja, na mimi siugusi maana una alama yake. Juzi nyuki hao walimuuma mbuzi wangu wa maziwa akavimba uso wote. Ukifunga masomo uje uurine. Mwenyewe sasa ni wewe.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuwa na kiu ya ajabu tangu Krismasi. Nakunywa mtungi mzima, nakojoa mtungi mzima. Nilienda hospitali kule Machakos, nikaonwa na daktari kijana wa rika lako, anaongea kama redio iliyotiwa betri mpya. Akanipa vidonge na kadi. Kwenye kadi ameandika maneno mawili: Diabetes Mellitus. La kwanza nimewahi kulisikia. La pili sijapata kulisikia hata kwa mlevi. Nikamuuliza msichana wa dawa, akanijibu, "Ni kisukari tu mzee, kunywa dawa." Hilo si jibu. Mgeni akiingia bomani kwangu namuuliza ni wa ukoo gani, wazazi wake ni nani na wametoka wapi, ndipo nampa kiti. Haya maneno yameingia mwilini mwangu na siyajui.

Wewe unasoma Kilatini. Niambie ukoo wao.

Na upadre ni mwaka gani hasa? Fahali wa kwanza tulimla ulipoenda. Wa pili nimemtenga, anakula vizuri kuliko mimi.

Mimi baba yako mkubwa, mwanao wa jina,
Jeremiah

*

Seminari, Nyeri
31 Machi 1997

Kwa Baba Mkubwa Jeremiah,

Pasaka ilikuwa jana, tumeimba mpaka sauti zikakauka, na leo wamenipa nafasi ya kukaa kitako niandike. Mwambie Mama Mkubwa ni viazi. Asubuhi viazi, jioni viazi, na Jumapili viazi vyenye nyama. Rafiki yangu Rodgers, ninayelala naye chumba kimoja, anataka kuja Katangi likizo kwa ajili ya muthokoi tu.

Pole sana kwa ugonjwa. Lakini Baba Mkubwa, swali lako limenifurahisha, na mwalimu wetu wa Kilatini alipolisikia alishusha vitabu vitatu kutoka juu kabisa. Keti vizuri nikupe ukoo.

Diabetes ni Mgiriki. Maana yake ni kitu kinachopita katikati, kama maji yanavyopita kwenye mrija. Waganga wa Kigiriki miaka elfu mbili iliyopita waliona mtu anakunywa na kukojoa bila kupumzika, wakasema huyu amekuwa mrija. Umeona? Ni wewe mtupu!

Mellitus ni Mlatini. Baba yake ni mel, yaani asali. Mellitus ni kitu kilichotiwa asali, chenye asali ndani. Huyu mel ana ndugu Mgiriki anayeitwa meli, na binti huko huko kwa Wagiriki, melissa, maana yake nyuki. Yuko hata binamu wa mbali: ile marmaledi wazungu wanayopaka kwenye mkate, jina lake lilianzia kwenye tunda waliloliita tofaa la asali. Waroma walimwita mtoto wao kipenzi mellitus, kama vile kusema "wa asali wangu". Ni ukoo mkubwa kweli.

Sasa lilifikaje kwenye kadi yako? Miaka kama mia tatu iliyopita daktari mmoja Mwingereza alionja mkojo wa wagonjwa (ndiyo, kwa ulimi!) akaandika kwamba ni mtamu kana kwamba umetiwa asali. Kitabu kimoja kinasema yeye ndiye aliyeliongeza hilo neno la pili, kingine kinasema ni mwingine aliyekuja baadaye. Hawapatani. Wahindi nao walijua zamani zaidi, waliona sisimizi wakikimbilia mahali mgonjwa amekojoa, wakauita mkojo wa asali.

Kwa hivyo, Baba Mkubwa, umebeba asali. Kunywa dawa zako.

Wako mtiifu,
Mutiso

*

Katangi
27 Aprili 1997

Baba Mutiso,

Kalondu mzima. Mvua ilinyesha siku tatu ikaacha. Mbuzi alipona.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya nne nilienda kuisomea shambani peke yangu. Usinicheke. Huyo Mwingereza alipoonja akakuta asali, aliuliza imetoka wapi? Asali haijitokei tu. Asali ina mzinga, na mzinga una alama ya mwenyewe, imechongwa kwa kisu mahali kila mtu anaiona. Umenitajia baba wa neno, na binti, na binamu wa kupakwa kwenye mkate. Mwenye asali hukumtaja.

Jambo la pili. Mtu akila kitu zamani, tuseme miaka thelathini na kitu, kinaweza kukaa ndani kikimngoja?

La tatu. Saa hii unaruhusiwa kuungamisha mtu ama bado? Naulizia mtu wa jumuiya. Padre wetu hapa hawezi kumwendea kwa sababu wanajuana sana.

Jeremiah

*

Seminari, Nyeri
18 Mei 1997

Kwa Baba Mkubwa,

Nimefurahi mbuzi kupona. Hapa baridi imeanza, tunalala na soksi.

Baba Mkubwa, nimebaki nimeduwaa. Nilidhani nitakuchekesha, wewe umeniandikia kama mtu aliyeitwa kortini. Nijibu kama nilivyoelewa, ingawa sina hakika nimeelewa. Daktari yule hakuuliza asali imetoka wapi kwa sababu hapakuwa na asali. Ni sukari ya chakula, ugali na viazi na kila kitu, ambayo mwili umeshindwa kuitumia. Aliita asali kwa sababu ulimi wake ulikumbuka asali.

Hilo la miaka thelathini sijui unaulizia nini. Ni pombe ya asali mliyokunywa ujanani? Hiyo ilishatoka, usijali.

Kuungamisha, bado. Mpaka mtu awe padre. Mwambie huyo mtu wa jumuiya aende parokia ya jirani ambako hawamjui.

Unameza vidonge? Hukuniambia.

Mutiso

*

Katangi
6 Julai 1997

Baba Mutiso,

Natumai baridi ya huko haijakumaliza. Kunde tulivuna magunia mawili. Binti yetu Nzisa alikuja na wanawe wakakaa wiki, na mdogo wao amevunja kiti changu. Nilikuwa nachimba matuta nikachomwa na kisiki mguuni, mguu wa kulia, chini ya kidole gumba. Kidonda hakina haraka ya kufunga. Kalondu anakiosha na maji ya chumvi na kunitukana.

Nimefikiria maneno yako. Unasema ni sukari tu. Kama ni sukari, mbona hawakuandika sukari? Wazungu sukari walikuwa nayo. Lakini waliandika asali, kwa lugha ya kanisa, kwa mkono wa daktari ambaye hanijui wala hajui nimetoka wapi. Huyo kijana wa Machakos alijuaje aniandikie asali mimi, na watu wote walikuwa kwenye foleni? Mwaka wa 1961 hapa hakukuwa na sukari hata ya kulamba.

Hilo la mwisho usilitie maanani, limetoka tu.

Umeniambia "mpaka mtu awe padre". Hukuniambia ni lini. Nimeuliza mara mbili.

Jeremiah

*

Seminari, Nyeri
17 Agosti 1997

Kwa Baba Mkubwa,

Leo salamu ni fupi kwa sababu nina hasira, na nikizirefusha nitakuwa mnafiki.

Mama yangu amepata habari kutoka kwa Mama Mkubwa Kalondu. Vidonge vyako vyote viko ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo nyuma ya mlango wa stoo. Hujameza hata kimoja tangu mwisho wa Aprili! Na hicho kidonda ulichoniambia hakina haraka, kimekuwa cheusi pembeni. Daktari alimwambia Mama Mkubwa waziwazi kwamba usipomeza dawa mguu utakatwa, na ukichelewa zaidi hata kuukata hakutasaidia. Mbona umenificha?

Nimehesabu miezi. Mwisho wa Aprili ndipo ulikuwa umesoma barua yangu ya Pasaka. Sasa sipati usingizi. Nimeandika nini mimi? Nilikueleza neno limetoka wapi, basi, jinsi mtu anavyoeleza kijiji kimeitwa hivi kwa sababu palikuwa na mti fulani. Mti wenyewe ulishakatwa zamani, watu wanaishi tu.

Nisikilize. Kuna ugonjwa mwingine, wenye kiu ile ile na mkojo mwingi vile vile, lakini mkojo wake hauna utamu. Nao unaitwa diabetes. Jina lake la pili ni insipidus, yaani kisicho na ladha. Ni kama ndugu wawili wanaofanana, na waganga waliongeza majina ili wasiwachanganye. Hiyo ndiyo kazi ya lile neno mellitus kwenye kadi yako. Halina kazi nyingine, naapa.

Kama kuna kitu unakijua ambacho mimi sikijui, kiandike. Na umeze dawa leo, kabla hujakunja karatasi hii.

Mutiso

*

Katangi
14 Septemba 1997

Baba Mutiso,

Barua yako ya hasira imefika. Kalondu nimemkasirikia siku mbili, halafu nikachoka. Jambo moja kwanza: juu umeandika Nyeri lakini muhuri wa posta ni wa Machakos. Nyeri imehamia Machakos? Hata wewe kuna kitu unanificha, basi tusisutane sana.

Umesema niandike. Naandika. Ukimaliza kusoma choma.

Mwaka wa 1961, mwaka ule wa njaa mahindi yaliangushwa kutoka kwenye ndege za msaada, watu walikuwa wanachemsha ngozi. Hilo wewe umelisikia, mimi nilichemsha. Nzisa alikuwa wa miaka miwili. Alikuwa ameacha kulia, na mtoto wa njaa akiacha kulia, wuui, kila mzazi anajua. Mimi sikuwa na mzinga hata mmoja wenye kitu. Baba yako Muindi alikuwa na mmoja kule chini mtoni. Nilienda asubuhi na mapema na kienge cha moto. Alama yake niliiona. Mistari mitatu na nukta. Niliishika kwa vidole hivi, nikajua ni ya ndugu yangu aliyenifuata tumboni, na bado nikaingiza mkono. Nilitoa masega yote mpaka ya watoto wa nyuki. Ningemwomba angenipa. Lakini mimi ndiye mkubwa, Mutiso. Mkubwa anamwombaje mdogo chakula? Huo upumbavu ndio ulionipandisha mti.

Nzisa alikula akaishi.

Kesho yake Muindi alikuja pale sokoni watu walipokuwa wakingoja mahindi. Akasimama akasema, "Aliyekula asali yangu, asali hiyo itamla kuanzia ndani." Unajua kwetu kuibia mtu mzinga si kama kuiba kuku. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, na asali bado iko chini ya kucha zangu. Halafu akaondoka nyumbani siku mbili, na sisi sote tulijua mtu aliyeibiwa anaenda wapi siku mbili. Anaenda kulishwa kiapo, ili laana yake imshike mwizi.

Mwaka uliofuata akaja kufunga mzinga mwingine mpakani kwangu kabisa. Kila siku nikitoka mlangoni nauona, na alama yake imenikodolea macho. Nilijua ananitega, nirudie anishike. Sikuugusa. Naye hakuurina. Hatukusema neno juu yake mpaka mwaka wa 1979 tulipomzika. Nilitupa sepetu la kwanza la udongo, nikataka kumwambia pale pale shimoni, nikashindwa.

Sasa nimekaa miaka thelathini na sita, naenda hospitali, mtu asiyenijua ananiandikia kwenye kadi kwamba nina asali ndani. Wewe kwa mkono wako unanithibitishia. Ungekuwa mimi ungemeza kidonge? Kidonge kinaweza nini kwa maneno ya Muindi? Na mguu ulioanza kuoza ni wa kulia, ule niliokanyagia tawi.

Mtu wa jumuiya niliyekuuliza ni mimi. Mwenye mzinga ameshakufa, mrithi wake ni wewe. Na utakuwa padre. Niondolee hiyo laana kwa njia zote mbili, au uniambie haiondoki nijue.

Jeremiah

*

Katangi
19 Oktoba 1997

Mutiso,

Mvua imeanza na haina mpango wa kuacha. Wiki tano hujajibu. Ni sawa. Kimya chako nimekielewa, na wewe ni mtoto wa Muindi. Wanataka kunipeleka kukatwa mguu, nimewaambia wangoje mto ushuke.

J.

*

Mumbuni, Machakos
16 Novemba 1997

Kwa mwanangu Jeremiah,

Usishtuke. Nimekuita hivyo kwa makusudi, soma mpaka mwisho.

Mama yangu Kamanthe yuko hapa jikoni, mzima, anakulilia na kukukasirikia kwa wakati mmoja. Barua zako mbili nimezipata juzi Ijumaa, zote siku moja. Nikuambie kwa nini. Mimi niliacha seminari mwezi wa sita. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa naamka kila asubuhi nikitafuta ule wito na siuoni, na sijui hata leo ulienda wapi. Nimekuwa hapa kwa mama, nafundisha watoto wa majirani hesabu. Rodgers ndiye aliyekuwa akipokea barua zako Nyeri na kunitumia huku, na ile yangu ya Agosti niliandika Nyeri juu, nikasahau kwamba posta wana muhuri. Mvua hizi zilipokata barabara, barua zako zikakaa. Nilikuwa umbali wa asubuhi moja kutoka kwako, Baba Mkubwa, na nikanyamaza kwa kumwogopa fahali. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Kwa hivyo padre hakuna. Hiyo njia ya upadre uliyotaka sinayo.

Niliposoma habari ya asali nilimwendea mama na karatasi mkononi. Sikuichoma, nisamehe. Nilimuuliza, "Baba aliwahi kuibiwa mzinga?" Akakaa. Akaniambia haya, naandika kama alivyosema.

Baba alisema yale maneno sokoni asubuhi, ni kweli. Jioni akarudi mtoni kuangalia tena. Chini ya mti, kwenye matope, akaona nyayo za akala, vile viatu vya mpira wa gari. Akala ya kushoto ilikuwa imetobolewa matundu matatu badala ya mawili, na mtu aliyeitoboa ni yeye mwenyewe, kwa ajili yako, kwa sababu kamba yako ilikuwa inakatika. Alikaa pale mpaka giza linaingia. Akarudi nyumbani akamwambia mama, "Nimemlaani Jeremiah bila kujua. Kumbe kwake hali imefika hapo na mimi sikuenda kuuliza." Mama anasema ndiyo siku pekee alimwona analia.

Zile siku mbili hakwenda kulishwa kiapo. Alienda kwa wazee wa ukoo wa mama yake, akawaambia amesema neno baya juu ya ndugu, wakamwambia alirudishe. Walichinja mbuzi wakamnyunyizia maji, akatema mate chini, akalirudisha. Mbuzi mwenyewe alikuwa mfupa mtupu lakini walimchinja. Kwa hivyo hilo neno, kama lilikuwa na nguvu, liliishi siku tatu tu mwaka wa 1961.

Na mzinga wa mpakani. Mama alicheka hapa, halafu akafunika uso kwa leso. Ule mzinga ulikuwa wako. Hakuweza kukuletea asali mlangoni na kusema najua una njaa, wewe ni mkubwa wake, ungeaibika. Akaufunga pale ambapo watoto wako wangeuona wakitoka nje, akasema, "Jeremiah akizidiwa tena, asiende mbali." Kila msimu alikuwa anapita kuangalia kama umerinwa. Kila msimu anarudi anamwambia mama, "Bado amenikasirikia."

Miaka kumi na saba, Baba Mkubwa! Nyote wawili mnautazama mzinga mmoja, kila mmoja anamwachia mwenzake. Nilimuuliza mama mbona hakusema, akanijibu hakuna aliyemuuliza.

Lile neno sijui nikuambie nini tena. Nimelirudia kwenye kila kitabu nilicho nacho. Mgiriki, Mlatini, Mwingereza mwenye ulimi, hakuna hata mmoja aliyemjua Muindi. Bado mimi mwenyewe sielewi kwa nini lilifika kwako, ila najua wengine kwenye foleni pia waliandikiwa hilo hilo, niliuliza hospitalini.

Jumamosi nilijaribu kuja nikarudishwa, kivuko kimebebwa na maji, watu wamekaa ng'ambo na vitanda vyao. Barua hii naituma kwa trekta la misheni linalopeleka unga. Pamoja nayo kuna mfuko nimefunga vidonge vya mwezi mzima, maana najua vile vya mkebe vimelowa.

Upadre sina, lakini jina ninalo. Umeniita baba miaka ishirini na minne. Hujawahi kunisikia nikikujibu kama baba, kwa sababu niliona ni mzaha wa wazee. Leo nakujibu. Mimi Mutiso, niliyewazaa wewe na Muindi, nasema hivi: asali mliyokula ilikuwa ya nyumba moja. Hakuna mwizi kati yenu. Mwanangu wa asali, meza dawa.

Baba yako,
Mutiso

*

Katangi
7 Desemba 1997

Baba,

Mto umeshuka kidogo. Trekta lilifika, na unga, na mfuko wako. Kalondu amekusomea rozari nzima kwa ajili ya hivyo vidonge, na mimi nameza asubuhi na jioni yeye akinisimamia kama askari jela.

Walinikata vidole viwili. Mguu umebaki. Daktari yule kijana alisema kungekuwa na wiki moja zaidi angekata mpaka gotini. Nilimuuliza kama anajua neno aliloliandika linatoka wapi, akasema hajui, alifundishwa tu hivyo. Nikamweleza yote, Wagiriki, sisimizi, marmaledi. Foleni ilikuwa nje ikinung'unika.

Habari ya seminari nilishaijua tangu ule muhuri. Fahali yupo. Tutamla kwa sababu nyingine, njoo ukiwa na sababu yoyote.

Jana nilimtuma mwana wa Nzisa apande mgunga nikiwa chini kwenye kiti, nikimwelekeza. Aliogopa alama, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia, "Ni yetu, rina." Masega yalikuwa meusi kwa uzee, madebe manne na mengine yalianguka. Nilitaka kusema kitu kwa Muindi, nimetayarisha tangu barua yako ifike, lakini nilikohoa tu kwa sababu ya moshi. Mpaka sasa sijui kama nilikuwa nalia ama ni moshi.

Nzisa alikuja. Ana miaka thelathini na minane na hakumbuki chochote cha mwaka ule. Nilimpa sega la kwanza mimi mwenyewe, mbele ya watu, mchana, nikamwambia limetoka kwa baba yake mdogo. Akalitafuna na nta yake, asali ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Nikamuuliza likoje, kwa maana mimi nimekatazwa. Akasema ni tamu sana, baba. Nikaitisha maji, nikameza kidonge changu.

Mwanao,
Jeremiah